Wembe, Nyuki na Koo la Mkwe

Jumapili, 15 Januari 1961

Karatasi yangu mpya imetoka! Hubert amezungusha mashine ya stensili tangu asubuhi, akilalamikia kila sentensi, na bado akazungusha. Wino uko vidoleni hadi sasa, naupaka hata kwenye ukurasa huu. Kichwa cha habari: «Uhuru Unaanzia Kidevuni». Nimekisoma kwa sauti dukani, katikati ya vitabu vyangu, peke yangu, kama mwenda wazimu.

Hoja ni hii. Julai iliyopita Wabelgiji walipokimbia waliacha nyumba, mbwa, piano — na mashine za umeme za kunyolea. Sasa kila karani wa Kisangani anayo moja. Anaichomeka ukutani, inavuma, anajipapasa shavu na kujiona waziri. Mimi naziita nyuki. Mwanaume anayenyolewa na nyuki amefungwa kwa waya kwenye ukuta wa nyumba ambayo hakuijenga. Mbuzi kwenye kigingi! Lakini mwenye wembe, maji na sabuni hamhitaji mtu. Ananyoa mtoni, ananyoa porini, ananyoa hata gerezani. Babu yangu alifika hapa kutoka Kasongo na wembe wa kukunja kiunoni, na ndio huohuo ninaonyolea.

Kama mfano wa kijana aliyenyooka nimemtaja Lukumani, mchumba wa binti yangu Hadidja. Fundi wa umeme, kule kwenye mitambo ya maporomoko ya Tshopo — na bado kidevu chake kinang'aa kwa wembe. Nimeandika: «Anayeushika umeme mchana kutwa hauruhusu umguse usoni.» Sijaandika sentensi bora kuliko hiyo tangu Uhuru.

Harusi ni Jumanne tarehe 14 mwezi ujao, kabla Ramadhani haijaingia. Siku ya kuamkia harusi, nitamnyoa mwenyewe. Ndivyo ilivyo katika ukoo wetu. Haitwi kinyozi, haitwi rafiki. Baba wa binti ndiye anayemnyoa bwana harusi, uani, mbele ya watu, kwa wembe. Kijana anainua kidevu, anampa mkwe wake koo. Anayenipa koo lake nampa mtoto wangu. Nimesoma mikataba mingi maishani, ya Wafaransa, ya Waarabu, ya Wabelgiji hasa — sijaona ulio wazi kuliko huo.

Jumatano, 18 Januari

Soko lote linasema habari za videvu! Mama mmoja anayeuza samaki wa wavuvi Wagenia amemkatalia karani wa posta. Amemwambia samaki zake ni za wanaume wa wembe, yeye aende akanunue kwa waliomwachia mashine. Karani amekuja dukani kunitukana. Nimempa kiti. Tumebishana mpaka saa sita, ameondoka na kitabu cha historia ya Haiti, hakuniaga.

Jioni Hubert. Hubert ni nesi, Mkatoliki, rafiki yangu wa tangu ujana na adui yangu wa kila jioni; yeye mwenyewe hutumia nyuki, na bado ananichapia maneno yanayomtukana. Leo amekuja na hoja ya zahanati: vidonda anavyoviosha kila Jumatatu vinatoka kwa vinyozi wa kando ya soko, wembe mmoja nyuso kumi. Nimemjibu kwamba uchafu ni wa mtu, si wa wembe. Watu wameugua kwa vijiko vichafu tangu dunia iumbwe, je, tule kwa mashine? Amecheka. Halafu ameuliza nani aliniambia kuhusu kidevu cha Lukumani. Nimesema nina macho. Akakohoa ndani ya kitambaa, muda mrefu.

Simpendi Hubert anapokohoa namna ile.

Ijumaa, 20 Januari

Aibu! Aibu tupu!

Baada ya sala nilikwenda kwa Lukumani, nyumbani kwake karibu na mitambo, na rundo la karatasi nililolifunga kwa uzi — zawadi, awagawie wenzake wa zamu. Mlango wazi. Kabla sijabisha hodi nikausikia ule mvumo. Alisimama dirishani na singlendi, waya umeshuka kutoka ukutani, kichwa amekilaza upande, macho amefumba, kama mtu anayesikiliza muziki.

Aliizima. Hakuificha nyuma ya mgongo, hilo nampa. Alisema alitaka kuniambia, ila karatasi ilimtangulia. Kisha akainua kidevu akanionyesha. Chini ya taya, shingo nzima, makovu madogo meusi kama punje za pilipili manga. Wembe, alisema, unamkata unywele chini ya ngozi. Unywele wake umejikunja, unarudi ndani, unatunga kipele, kipele kinatunga usaha. Kule kwao Kasongo aliwahi kushindwa kufunga kifungo cha ukosi msimu mzima. Nyuki haichimbi. Inaacha kidogo. Kile kidogo ndicho kilichomponya.

Nilimwambia huo ni wembe mbovu na mkono mbovu. Akasema labda.

Nimerudi na rundo langu, uzi haujafunguliwa. Na zile nyingine zote ziko sokoni, zinamsifu!

Jumamosi, 21 Januari

Hadidja alijua! Nilipomuuliza aliendelea kuchambua sombe, majani yale ya muhogo. Dada yangu Binti, aliyemlea tangu mama yake atutoke, naye alijua. Hubert alijua. Mitambo yote ya Tshopo ilijua, nina hakika hata maji yenyewe yalijua.

Nimetamka: hakuna koo, hakuna harusi.

Hadidja hakulia. Alisema kwa upole tu kwamba mimi nina wembe, Lukumani ana shingo, na maisha tunayoyabishania ni yake. Kisha akapeleka sombe jikoni.

Nimeandika majibu matatu na kuyafuta yote. Mimi!

Jumanne, 24 Januari

Amekuja tonton Amuri, ndugu ya baba yake Lukumani, anayekaa Lubunga ng'ambo ya mto. Mtu mnene, mchangamfu, mwenye kicheko cha kutangulia maneno. Amekula lituma, ndizi zile za kuponda, na samaki kana kwamba hakuna vita ndani ya nyumba hii. Akaleta masharti yake: kichwa kwa wembe, sawa. Mashavu kwa wembe, sawa. Shingo, nyuki.

Lakini shingo ndiyo yenyewe! Nimemwambia mtu hatoi ahadi kwa shavu. Nimemweleza maana yote, tangu babu, kwa mifano. Amesikiliza hadi mwisho, amejifuta vidole, akasema:

«Muzee, iko mukwe unatafuta, ao mbuzi ya Idi?»

Nyuma ya pazia Binti amecheka waziwazi. Dada mkubwa, sina la kumfanya.

Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuna aliyethubutu kuniambia. Serikali yetu ya hapa inampeleka Lukumani Bukavu, jenereta za kule zimelala na mafundi wamekimbia. Ndege inatoka uwanja wa Simi-Simi Jumatano, siku moja baada ya harusi. Akiwa ameoa, anaondoka na mke wake. Asipooa kabla ya mfungo, anaondoka peke yake — na barabara zilivyo, na askari walivyo, nani atasema atarudi lini, au kama atarudi?

Binti anasema Hadidja amekwisha kukunja nguo zake. Zote. Hata za baridi, maana kule kuna baridi.

Nimemwambia tonton Amuri kwamba sheria haibadiliki kwa sababu ya ratiba ya ndege. Maneno mazuri. Yameanguka mezani kama kijiko.

Jumapili, 29 Januari

Ushindi!

Wazo lilikuwa la Hubert: tuache kelele, tupime. Mimi na Lukumani tusiguse ndevu toka Jumatano, kisha tukutane barazani kwa Hubert, Lukumani na nyuki yake, mimi na wembe wangu. Mwamuzi: Agathe, mke wa Hubert, mkunga, mwanamke asiyependelea mtu hata mumewe. Kipimo: pamba. Anavuta kipande cha pamba shavuni. Ikiteleza, shavu ni safi. Ikinasa, hapana.

Watu wakitoka misa walijaa hadi barabarani. Wengine walipanda ukuta. Niliunoa wembe kwenye ukanda wa ngozi polepole, ili wasikie. Maji ya moto, sabuni, brashi, povu zito kama lile la maporomoko ya Wagenia. Kushoto kwangu ile nyuki ikaanza kuvuma, na kijana mmoja ukutani akauliza kama fundi ananyoa au anatengeneza asali. Watu wakacheka. Lukumani naye alicheka, hakukasirika. Alimaliza kabla yangu, akajipangusa, akanisubiri kwa adabu.

Nilinyoa nikishuka, kisha nikapanda kinyume cha unywele, kisha tena. Agathe akaja na pamba. Shavuni kwangu iliteleza kama samaki! Shavuni kwa Lukumani ilinasa, ikabaki pale, kipande cheupe, mbele ya parokia nzima. Nilibebwa! Mama muuza samaki alinipa mkono. Karani wa posta aliondoka akijipapasa shavu.

Katikati ya vurugu Lukumani alinisogelea. Aliniomba tu tuangaliane tena siku ya tatu.

Nimecheka. Siku ya tatu ya nini?

Jumatano, 1 Februari

Siku ya tatu.

Vipele. Chini ya taya, pande zote mbili, vinauma hata nikigeuza shingo. Nimefunga skafu, katika joto hili. Hubert ameingia dukani, ameifungua skafu bila kuomba ruhusa, ametazama kama nesi anavyotazama, ameifunga tena. Hakukohoa. Heri angekohoa.

Ukweli ni kwamba vipo siku zote. Huja, huondoka. Nililaumu jasho, nililaumu ukosi wa shati, nililaumu pilipili ya Binti. Mchana nilizunguka sokoni kutazama shingo za wanaume. Jamani! Wafuasi wangu wote wana pilipili manga shingoni.

Alasiri akaja Lukumani. Nilijiandaa kwa majivuno, hakuleta hata chembe. Aliketi kwenye kreti la vitabu akauliza kama nimepata nyembe sokoni. Hakuna. Nyembe ndogo za chuma zimekwisha kabisa, meli hazipandi tena kutoka Léopoldville, wametufungia mto. Chumvi tunaipata kwa shida, sembuse nyembe. Akatikisa kichwa, akasema polepole:

«Papa, kuran ya umeme inatoka hapa, ku maji ya Tshopo. Ni sisi tunashika zamu. Wembe inatoka wapi?»

Nimesema wembe wangu mimi unataka jiwe na ngozi tu. Akakubali. Akauliza kama yule karani wa posta naye aliachiwa wembe na babu.

Nilifunga kitabu changu. Kisha nilisimama. Kisha nilizunguka duka zima! Kanuni ni yangu: mtu huru ni yule ambaye kinachomsafisha hakitoki mkononi mwa adui. Kanuni haijaguswa, imesimama imara, ila imehama upande! Wembe wa sokoni ndio mbuzi kwenye kigingi. Nyuki inakula maji yetu wenyewe. Hakuna aliyewahi kunipiga kwa fimbo yangu mwenyewe safi namna hii, hata yule padri wa Kibelgiji niliyebishana naye mwaka mzima kuhusu Ibrahimu.

Namtaka kijana huyu awe mkwe wangu kuliko anavyotaka yeye!

Jumapili, 5 Februari

Karatasi nyingine imetoka: «Maji ya Tshopo Ni Yetu, Hata Usoni». Sikusema nilikosea. Nimesema hoja imekua. Hubert amelichapa neno hilo akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mama muuza samaki amechanganyikiwa na ameniambia hivyo. Nimemweleza, samaki zikaanza kuharibika, akaniomba niende.

Nimempelekea tonton Amuri ujumbe: nitamnyoa Lukumani kwa nyuki, shingo yote, kwa mkono wangu, uani, mbele ya watu. Mkono wa baba ndio sheria, chombo ni chombo. Amejibu kwa kutuma kuku wawili.

Sasa najifunza. Kuishika nyuki si kazi ndogo. Inatetemeka hadi kwenye kiwiko. Nimefanya mazoezi kwa Hubert, nikamuuma sikio. Amesema Wabelgiji walimtendea vibaya lakini hawakufika hapo. Waya mrefu utatoka dirishani kwa duka, utapita juu ya kamba ya nguo, hadi kwenye kiti. Lukumani ameupima mwenyewe. Ndevu anaziachia sasa, hadi siku yenyewe.

Hadidja ameniletea chai na sukari ya mwisho iliyobaki ndani ya nyumba. Alikaa hadi nikamaliza kikombe.

Ijumaa, 10 Februari

Ametoroka! Waziri Mkuu wetu, waliyemkamata Desemba, ametoroka!

Radio ya Katanga yenyewe imetangaza: waliyemfungia kule, yeye na wenzake wawili, wametoboa ukuta, wamechukua gari, hawaonekani. Mji mzima uko nje! Wanapiga sufuria, wanapiga honi na petroli hatuna. Watu wanasema atapita Kivu, wengine wanasema amekwisha kupita, mmoja amekula kiapo kwamba amelala Ubundu jana. Nimepanda juu ya kreti mbele ya duka nikahutubia hadi sauti ikakatika. Atafika! Labda atafika siku ya harusi! Hadidja anasema basi ataketi karibu na tonton Amuri, chakula kitamtosha mmoja tu.

Hubert peke yake hakucheka. Amesema mlinzi anayewahi kutangaza kwamba mfungwa wake ametoroka ana sababu yake. Nimemwita kunguru. Nimemfukuza, kisha nimemfuata barabarani nikamrudisha, maana mtu hawezi kufurahi bila wa kubishana naye.

Jumapili, 12 Februari

Kila kitu tayari. Kitambaa cheupe, mafuta, kiti. Mwali yuko ndani, haonekani. Wanawake wamejaa, siwezi kufika jikoni kwangu. Lukumani ana ndevu kama bustani ya mvua. Nimemwambia tukichelewa siku moja zaidi tutahitaji panga.

Kwenye radio hakuna jipya.

Kesho!

Jumatatu, 13 Februari

Naandika alasiri, dukani, mlango nimeufunga. Wananisubiri upande wa pili. Nitaandika kwa utaratibu, kwa sababu nisipoandika sitajua ninachofikiri.

Asubuhi tulianza vizuri. Jua la kiasi. Waya ulikuwa umepita juu ya kamba, nyuki iko juu ya sahani. Lukumani aliketi, tonton Amuri akamfunga kile kitambaa cheupe shingoni, wanawake wakapiga vigelegele, tukasoma Fatiha. Nikaiwasha nyuki. Nikaisogeza. Akaushika mkono wangu.

Akaniomba niizime. Nikadhani nimeishika vibaya. Akasema kwa sauti ndogo, lakini ua wote ulisikia:

«Papa, ile mashine haiwezi kukata shingo ya mutu. Alors, basi mi nitakuwa nakupa nini?»

Mimi niliyeandika karatasi mbili juu ya videvu, niliyesoma makreti mazima ya vitabu, niliyetetea sheria hii hadi karibu nimpoteze mtoto — sikuwa nimeliona hilo. Kijana mwenye shingo ile aliliona. Nilitaka kumkataza. Nilimkumbusha vipele, nilimwambia Bukavu atafika na uso umevimba. Alijibu kwamba vipele ni vya wiki mbili.

Binti akaleta wembe wa babu na maji ya moto. Niliunoa kwa muda. Safari hii sikutaka mtu asikie. Nilipaka povu, nikalaza kitambaa cha moto shingoni hadi ngozi ikalegea. Akainua kidevu. Koo lilipanda mara moja, likashuka, likatulia. Nikaanza upande wa kulia. Nilishuka tu, nikifuata unywele unakoelekea. Sikupanda kinyume. Sikurudia mahali. Niliacha kidogo — kile kidogo chake. Shavu, taya, kisha shingo, juu ya makovu, polepole kama mtu anayepita kwenye nyumba ya waliolala. Haikutoka damu, hata tone. Nilipofika kwenye mfupa wa bega wanawake walipasuka kwa vigelegele. Naapa sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya Uhuru.

Nikauosha wembe, nikahamia kushoto.

Hubert aliingia langoni bila kofia. Alikuwa amekwenda zahanati, asubuhi tu, alisema atarudi kwa chakula. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye kiti, akaniambia:

«Feruzi, weka chini. Radio imesema. Wamemuua.»

Walisema wanakijiji ndio waliomuua Waziri Mkuu, kule porini, baada ya kutoroka. Hakuna aliyeamini kijiji hicho, hata kwa nukta moja. Lakini kufa aliamini kila mtu. Vigelegele viligeuka kilio bila pumzi katikati. Binti aliivua leso yake kichwani. Tonton Amuri, mtu yule mkubwa, aliketi chini kwenye udongo.

Na wembe ulikuwa mkononi mwangu.

Kwetu mtu akifiwa hanyoi. Mwislamu, Mkatoliki, sote hapa. Wembe haugusi uso wa mwanaume hadi matanga yaondoke. Wazee waliokuwa pale ndani ya ua wamekwisha kutamka siku arobaini, kama kwa baba mzazi. Kule nje vijana wanapita makundi makundi. Wanaimba, wanatazama ndani ya nyua, wanauliza nani anafanya sherehe leo. Wamempiga mwenye baa mmoja kwa sababu gramafoni yake ilikuwa bado inazunguka. Shavu jipya leo ni tusi. Na Lukumani ana shavu jipya moja! Kulia ni bwana harusi. Kushoto ndevu na povu lililokauka. Hawezi kutoka langoni kwa uso ule, na ndevu hazirudishwi.

Tumemwingiza ndani. Tonton Amuri anasema tuahirishe. Mwalimu atakayefungisha ndoa amesema yeye yuko tayari kesho, chumbani, mashahidi wawili, bila ngoma, kwani ndoa si dhambi siku ya msiba. Lakini sheria ya wembe si yake, ni ya ukoo wangu, na ukoo wangu ni mimi. Ndege ni keshokutwa, kama bado itaruka. Mfungo unaingia wiki hii.

Nikimwacha hivi, sijamaliza kumpokea. Amenipa nusu ya koo, nami siwezi kumpa nusu ya mtoto. Nikimaliza kumnyoa, mimi ambaye nimemwandikia marehemu yule barua kila wiki tangu walipomkamata, nitakuwa nimemnyoa bwana harusi saa ileile mji unapomlilia. Hubert nilimuuliza. Mtu aliyenipinga kwa kila jambo tangu ujana, leo amesema hajui.

Lukumani haulizi. Ameketi palepale tulipomweka, kitambaa bado shingoni. Amesema mara moja tu kwamba shingo ingali kwangu.

Kisha Hadidja alitoka. Mwali, kabla ya ndoa, mbele ya mchumba, mbele ya wazee! Binti alitaka kumrudisha akashindwa. Alichovya kitambaa ndani ya bakuli akampangusa Lukumani lile povu kavu, taratibu, kama wako peke yao. Halafu akanigeukia mimi. Macho mekundu, amemlilia yule kama sisi sote.

«Papa, ule amekufa juu ya sisi tuwe huru. Mi iko huru, ao hapana?»

Wote walinitazama. Nimejibu mapadri. Nimejibu msimamizi wa wilaya mbele ya askari wake. Nilisema naomba dakika moja, nikaja hapa, nikafunga mlango.

Uani watu wanazidi kuingia, nawasikia wakiburuta viti. Wanakuja kwangu kulia, kwa sababu kila mtu anajua nilivyompenda. Wembe uko mbele yangu, sijaufuta.

Binti amebisha. Hakuingia. Anasema yale maji yamepoa, ayapashe tena, na anataka kujua: ni ya ndevu, au ni ya kahawa ya msiba?

Nimemwambia achemshe mengi, ya kutosha yote mawili.